Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Boti Haipandi, Haishuki, au Inashuka Yenyewe

Barua na meseji za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja, tilti na trimu ya haidroliki (ule mfumo wa kuipandisha mashine juu na kurekebisha mlalo wake) kwenye mashine za boti za zamani, zile za miaka ishirini na zaidi ambazo bado zinapiga kazi kila siku huku pwani na kule ziwani. Kilichoniuma ni kwamba wengi wenu mmeshaambiwa mnunue pampu nzima kabla hata mtu hajafungua kifuniko akasikiliza. Pampu nzima ni hela nyingi, na mara nyingi sio yenyewe iliyokufa, ni waya, relei (swichi inayovutwa kwa umeme), oili au kaskrubu kadogo tu. Kwahiyo leo nitakaa zaidi kwenye kupima kuliko kwenye kufungua.

Jambo moja kwanza na naomba mlishike. Mashine ya nguvu za farasi 75 ina zaidi ya kilo 100 na kubwa zaidi zinapita hapo mbali. Ikiwa juu na we uko chini yake au mkono uko kati ya breketi, weka ile liva ya kuzuilia alafu juu yake weka na gogo au kamba imara, usiiamini haidroliki ambayo umekuja kuitengeneza kwa sababu ni mbovu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba ya kubebea wageni, mashine ni Yamaha 75 tustroki niliyonunua ikiwa mtumba. Nikibonyeza kitufe cha kupandisha nasikia tik tu, haipandi, ila kushusha inashuka vizuri bila tatizo, tukitaka kuipandisha inabidi tuinyanyue watu watatu. Fundi wa hapa kasema pampu imekufa upande wa kupandisha, ninunue nyingine. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. (Msomaji, Kilindoni, Mafia)

JIBU: Marahaba. Usitoe hela bado kabisa.

Pampu ikifa upande mmoja bado mota ingezunguka na ungeisikia inalia. We unasikia tik, mota haizunguki, maana yake haidroliki haijafikiwa hata, shida yako iko kwenye umeme. Na kwa vile kushusha inafanya kazi, mota ni nzima au karibu na nzima, fyuzi ipo, na swichi ya kupandisha inapeleka umeme, kwa sababu hiyo tik yenyewe ndio relei inavuta.

Sasa hapa ndio mafundi wengi wanapotea. Chini ya kifuniko cha mashine kuna relei mbili, au boksi moja lenye relei mbili ndani, moja ya kupandisha na moja ya kushusha. Mota nyingi zina waya mbili nene, bluu na kijani. Mkiwa hamjabonyeza kitu, relei zote mbili zinaziunganisha hizo waya kwenye negativu. Ukibonyeza kupanda, relei ya kupanda inaitoa bluu kwenye negativu inaipa chanya, na ule umeme ukishapita kwenye mota unatakiwa urudi kwa waya ya kijani, upite kwenye relei ya KUSHUSHA iliyokaa kimya, uingie negativu. Umeona? Kwahiyo mashine inaweza kugoma kupanda kwa sababu relei ya kushusha imeoza ile sehemu yake ya kupumzikia, na mtu akibadilisha relei ya kupanda peke yake atashangaa bado tatizo lipo, ndipo anaposema basi ni pampu.

Chukua multimita, weka kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iweke kwenye negativu ya betri yenyewe, sio kwenye bodi ya mashine. Mwenzio abonyeze kupanda, we gusa waya nene ya bluu inayoenda kwenye mota. Ukipata volti 12 hivi, hiyo relei ya kupanda inapitisha. Ukipata sifuri, mguso wake umeungua ndani, relei ndio mbovu japo inalia tik. Kama bluu ina 12, hamia kwenye kijani huku mwenzio bado kabonyeza, pale panatakiwa pawe karibu na sifuri. Ukikuta na kijani ina 12, njia ya kurudi imekatika, angalia relei ya kushusha na waya mweusi unaoenda bodi. Na ukikuta bluu iko 8 au 9 tu, betri imechoka au kuna mahali waya umekula kutu, fungua vichwa vya betri usugue mpaka viwake. Kushusha mashine kunahitaji umeme kidogo maana uzito wenyewe unasaidia, kupandisha ndio kazi, kwahiyo betri dhaifu hujionyesha kwanza kwenye kupanda. Betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma kama 12.6, ukiikuta 12 kamili hiyo ishashuka sana.

Kama relei zako ni za kuchomoa na zinafanana, we zibadilishane nafasi tu. Tatizo likihamia kwenye kushusha, umeshampata mwizi bila hata mita.

Rangi nilizotaja, bluu juu na kijani chini, ndio utazikuta kwenye Yamaha, Mercury na Johnson nyingi, mimi nawafundisha vijana hivi: bluu ni mbingu, kijani ni majani. Lakini mashine iliyopita mikono mingi waya zake zimeshaungwa na kila aina ya rangi, kwahiyo fuata waya ulikotoka, usifuate rangi peke yake.

Ukitaka kuhakikisha mota yenyewe, chomoa zile waya mbili nene kutoka kwenye relei na uzipe umeme wa betri moja kwa moja, ukigeuza chanya na hasi inageuza mwelekeo. Zipo mota za zamani zaidi zenye waya tatu, bluu, kijani na nyeusi, hizo nyeusi ni hasi siku zote, chanya unaipa bluu au kijani, usizigeuze kama za waya mbili. Kabla ya yote hayo toa tenki la petroli mbali, acha kifuniko wazi upepo upite, kwa sababu cheche itaruka tu.

Na ikitokea hata kwa umeme wa moja kwa moja mota inakaa kimya, igonge taratibu ubavuni kwa mpini wa mbao wakati mwenzio kashika waya. Ikizunguka ukigonga, kaboni (zile brashi zinazopeleka umeme kwenye rota) zimeisha au zimekwama kwa kutu, hiyo mota inafunguliwa inawekwa kaboni mpya, inasafishwa komyuteta, inabadilishwa sili ya chini, inarudi kazini. Ukifungua ukakuta sumaku zimebanduka kwenye ganda kwa sababu ya kutu na zinakwaruza rota, hapo ndio nunua mota. Na ni mota peke yake, pampu iache.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mashine yangu inapanda vizuri na kushuka vizuri, ila nikiiacha imepanda jioni, asubuhi naikuta imeshuka, na maji yakitoka inakaa kwenye mchanga, pezi la chini limeanza kulika. Nje sioni oili hata tone. Mara nyingine inashuka hata tukiwa tunatembea tumeitrimu. (Msomaji, Shela, Lamu)

JIBU: Waalaykum salaam sheikh. Kwanza leo hii usiiache tena kwa nguvu ya haidroliki peke yake. Kwenye breketi kuna liva au pini ya kuzuilia, mashine ikishapanda juu kabisa igeuze ile liva alafu shusha kidogo mpaka ikae juu yake. Huku kwetu bamvua maji yanashuka hata mita tatu na zaidi, boti ikikaa chini na mashine nayo iko chini uzito wote wa tezi (nyuma ya boti) unaangukia pezi na gia boksi, hasara yake ni kubwa kuliko hii tunayoitafuta. Liva ni ya kuegeshea tu lakini, usitembee nayo imefungwa.

Oili haionekani nje kwa hiyo inapenya ndani kwa ndani, kutoka upande wenye presha kurudi kwenye tenki lake. Zipo njia kama tatu na we anza na ya rahisi.

Kuna skrubu ya kufungulia kwa mkono, ile ambayo ukiilegeza mashine inaweza kunyanyuliwa au kushushwa bila umeme. Utaiona kwa tundu la ubavuni mwa breketi, inaingia bisibisi bapa pana. Mashine ya zamani iliyowahi kuishiwa betri baharini lazima hiyo skrubu imeguswa na mtu, na mara nyingi haikukazwa sawasawa au o-ringi zake (vipete vya mpira) zimekatika. Ikaze kwanza, kistaarabu, usitumie nguvu mpaka ukaivunja mdomo. Alafu pandisha, funga kipande cha tepu kwenye jeki (ile silinda yenye chuma kinachotoka kusukuma mashine) palipo na ukingo, ondoka, rudi baada ya saa kadhaa uone imesogea kiasi gani. Ikiwa bado inashuka basi zuia mashine kwa liva na gogo, fungua kofia ya oili kutoa presha, itoe hiyo skrubu nzima (kuna kilokio kidogo kinaizuia isitoke, kitoe kwanza) uangalie ncha yake na o-ringi. O-ringi mbili hizo ni hela ndogo sana na ndizo zinazomaliza tatizo hili mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichokiona.

Kama o-ringi ni mpya na bado inashuka, inabaki zile valvu ndogo za kuzuia ndani ya pampu, uchafu kidogo tu ukikaa kwenye kitako cha valvu inapitisha, au ni sili za pistoni ndani ya jeki kubwa. Angalia oili yako. Ikiwa na vumbi la chuma au imekuwa nyeusi, kubadilisha oili yote na kuipandisha kuishusha mara kadhaa wakati mwingine kunasafisha kitako chenyewe na inashika. Ikigoma ndipo jeki inafunguliwa, na hiyo nitaieleza chini kwa ndugu yetu wa Mtwapa.

Kuhusu kushuka mkiwa mnatembea, ni ugonjwa huohuo. Propela ikisukuma mbele inaibana mashine ielekee kwenye boti, jeki isiposhika presha inarudi. Omo (mbele ya boti) inalala, boti inalima maji na petroli inakwenda bure.

SWALI: Fundi habari za kazi. Boti yetu ya wazamiaji, mota ya tilti inazunguka tunaisikia, lakini mashine inapanda kwa kurukaruka kama inakwikwi na siku hizi inaishia nusu. Dereva aliongeza oili ya breki maana ndiyo iliyokuwepo. Sasa oili imekuwa kama maziwa yaliyotiwa rangi. (Msomaji, Nungwi, Unguja)

JIBU: Nzuri. Una mambo mawili kwa pamoja hapa, upungufu wa oili ulioingiza hewa, na oili isiyo yake, na la pili linaniuma zaidi.

Oili ya breki za gari haiingii humu, hata kwa dharura. Sili na o-ringi za tilti ni za mpira uliotengenezwa kwa oili ya madini, oili ya breki inaufanya uvimbe na ulainike mpaka unakatika. Inaweza isionyeshe leo. Kinachoingia ni oili ya tilti na trimu yenyewe, na ukiikosa, kwa Yamaha kitabu chao kinaruhusu ATF ya Deksroni II, ile oili nyekundu ya gia boksi otomatiki ambayo kila duka la spea za magari wanayo. Oili ya kupikia, oili chafu ya injini, hapana.

Hayo maziwa ni maji. Yameingia kwa kofia ya oili isiyokazwa, kwa sili ya juu ya jeki, au kwa sili ya mota. Maji ya chumvi humo ndani yanakula kila kitu kimyakimya, kwahiyo usisubiri msimu uishe.

Ifanye hivi. Ipandishe juu kabisa, izuie kwa liva na gogo. Kama haifiki juu kwa umeme, legeza ile skrubu ya mkono niliyoisema, mnyanyue kwa mikono, mzuie, kaza skrubu tena. Safisha pembeni ya kofia ya oili na maji baridi (yasiyo ya chumvi) na brashi mpaka hakuna hata chembe ya mchanga, ndipo uifungue, pole pole. Usiifungue kamwe mashine ikiwa chini, itakurushia oili usoni, na hata isiporusha utapima uongo: jeki zikiwa ndani chuma zake zinachukua nafasi na oili inarudi kwenye tenki, unaona imejaa, ukipandisha tu inapungua na pampu inavuta hewa. Nadhani ndio lililowakuta nyinyi.

Vuta oili yote chafu kwa bomba la sindano kubwa lenye mpira, jaza ATF mpya mpaka usawa wa ukingo wa chini wa tundu, funga kofia, shusha na pandisha mwisho hadi mwisho mara tatu nne, kila ikifika mwisho achia kitufe, usiing'ang'anize. Isubiri dakika tano povu litulie. Fungua, utaona bado ina umaziwa, vuta tena, jaza tena. Rudia mpaka itoke nyekundu safi, na kwa oili ya breki mimi ningeongeza duru moja juu ya hapo. Kukwikwi kutaisha hewa ikitoka yenyewe kwenye hizo safari za juu na chini, haihitaji kufungua bomba lolote.

Baada ya hapo sikiliza. Mashine yenye jeki tatu ina mbili fupi pembeni zinazosukuma ile sehemu ya mwanzo ya kutrimu boti ikiwa na mwendo, alafu moja ndefu katikati inayomalizia kuipandisha juu. Ikifika mwisho sauti ya mota inatakiwa ibadilike, iwe nzito, hapo valvu ya usalama imefunguka na presha ipo. Ikiwa sauti haibadiliki hata mwisho, presha haipatikani, ni skrubu ya mkono iko wazi au pampu imelika. Na ikiwa mota inazunguka kwa kasi na wepesi kama haijafungwa na kitu chochote, na oili umeshajaza, kile kiunganishi kati ya mota na pampu kimekatika, ni kipande kidogo tu, fungua mota utakiona.

Wiki kadhaa mbele mkianza kuona oili inatoka kwenye vishingo vya jeki jueni ni ile oili ya breki imeshamaliza sili, tafuteni seti ya sili mapema isije ikawakuta na wageni kwenye maji.

SWALI: Mashine yangu ya 60 nikirudi revasi inanyanyuka yenyewe, mbele haina shida. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Skrubu ya mkono iko wazi, nina hakika karibu yote. Ukienda mbele propela inaibana mashine kwenye boti kwahiyo hujui kitu, ukirudi nyuma propela inaivuta kuitoa na hakuna kinachoishikilia. Ikaze. Ikiwa imekazwa tayari, angalia kiwango cha oili. Na mpaka uimalize usirudi revasi kwa kasi, mashine ikinyanyuka propela inatoka kwenye maji na boti haisimami pale ulipotaka, mwaloni pakiwa na watu wanaooga hilo sio jambo dogo.

SWALI: Mambo fundi. Niko na Johnson 90 ya kitambo, tilti imekufa, jeki ya katikati inamwaga oili na spea sizioni hapa Mombasa. Kuna makanika ameniambia atoe hiyo kitu yote aniwekee chuma ya kuchomelea, mashine ikae pahali pamoja, ati haidroliki ni ya starehe tu. Waonaje? (Msomaji, Mtwapa, Kenya)

JIBU: Poa ndugu yangu. Naomba usikubali hiyo chuma, na nakuomba kwa moyo wote.

Ile jeki ya katikati haipandishi mashine tu. Ndani ya pistoni yake kuna valvu ndogo zilizobanwa na springi, boti ikiwa na kasi na gia boksi ikagonga gogo au mwamba, presha inapanda ghafla, zile valvu zinafunguka, oili inapita, mashine inaruka juu inapunguza kishindo, alafu inarudi taratibu mahali ilipokuwa. Yaani ndio shokapu ya mashine. Ukiweka chuma ya kuchomelea, siku utakapogonga kitu nguvu yote inaenda kwenye breketi na ule ubao wa nyuma ulioshika mashine, na nyuma yake kuna watu wamekaa. Mashine inaweza kung'oka na kuingia ndani ya boti au ikaondoka na kipande cha tezi mkabaki na shimo. Huko Mtwapa mna magogo yanayoelea kwenye kriki kila mvua ikinyesha.

Spea za Johnson kweli zimekuwa ngumu. Kampuni iliyokuwa inazitengeneza, OMC ya Marekani, ilifilisika mwisho wa mwaka 2000, jina likaendelea kwa BRP ya Kanada, na hao nao wakatangaza mwaka 2020 kwamba wanaacha kutengeneza mashine za boti za Evinrude, ndugu za Johnson. Ila sili na o-ringi hazina jina la kampuni, zina vipimo. Jeki yako ikifunguliwa, ipimwe kwa kalipa kipenyo cha chuma, cha silinda na upana wa mfereji, uende kwenye maduka ya sili za haidroliki wanaohudumia matingatinga na folklifti, bandari ikiwa hapo karibu hamkosi, waambie unataka za mpira wa naitrili.

Kufungua ndio kazi yenyewe. Jeki iwe imetoka yote, presha itolewe kwa kofia ya oili na skrubu ya mkono, mashine imezuiwa juu kwa kitu ambacho hakiwezi kuteleza. Kile kifuniko cha mviringo juu ya silinda kina vitundu viwili, kinataka spana ya pini mbili. Usimruhusu mtu apige kwa patasi na nyundo, nimeona silinda nyingi nzima zimeharibiwa hivyo. Chuma na aluminiamu vikikaa kwenye chumvi miaka yote hiyo vinagandana, kwahiyo kipulizie oili ya kupenya ulaze usiku mzima, alafu kipashe moto kwa hita ya upepo kuzunguka aluminiamu, sio mtungi wa kuchomelea, sili zitaungua lakini unazitoa hata hivyo. Kama huna spana ya pini itengenezwe kwa kipande cha bapa na vipini viwili vya chuma kigumu, kwa saa moja fundi wa kuchomelea anaimaliza.

Pistoni ikitoka fanya kazi juu ya kitambaa cheupe safi. Zile gololi na springi ni ndogo kama punje, piga picha kabla hujatoa hata moja.

Alafu kipitishe kidole kwenye ile chuma ya jeki. Ukihisi vishimo vya kutu, sili mpya haitadumu hapo, kila ikipita inachanika. Mikwaruzo midogo unaweza kuilaza kwa msasa laini kabisa wa maji, vishimo vyenye kina hapana, tafuta chuma nyingine kwenye mashine iliyokufa. Unit nzima ya mtumba kutoka mashine ya aina hiyohiyo nayo ni njia nzuri kuliko chuma ya kuchomelea, ila kabla hujalipa waambie waipe umeme mbele yako uione inapanda na kushika.

SWALI: Fundi, mashine yangu ya 115 tilti ni nzima, Alhamdulillah. Swali langu dogo, ikilala usiku ikae juu au chini? Na jamaa kanishauri nizipake rangi jeki na vile vipande vya kijivu kwenye breketi visiote kutu. (Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam)

JIBU: Boti ikiwa imetiwa nanga majini, juu, gia boksi isikae kwenye chumvi na isije ikagota maji yakitoka. Ikiwa nchi kavu kwenye tela, ishushe chini kabisa, jeki ziingie ndani ya oili yao zipumzike. Ikikaa juu muda mrefu ile chuma ya jeki ndio inayobaki nje, inaota vile vijikombe vya baharini, na siku ukishusha vinaingia na kukata sili. Kwahiyo kabla ya kuishusha ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, ukikuta kimeganda kitu kitoe kwa kijiti cha mbao au plastiki, sio kwa kisu. Kila ukirudi mwagia maji baridi pale kwenye breketi na jeki kwa mpira, watu wanaosha kifuniko cha juu kinang'aa na pale chini wanapasahau.

Rangi kwenye jeki hapana, itabanduka na kuingia kwenye sili. Grisi nzito nayo usiipake kwenye chuma ya jeki maana inashika mchanga, grisi peleka kwenye chuchu za breketi.

Vile vipande vya kijivu ni zinki, na kazi yao ndio hiyo ya kuliwa ili breketi na jeki zisiliwe. Ukivipaka rangi umevizima, chumvi itahamia kwenye aluminiamu yako. Viache wazi, visugue kwa brashi ya waya, na kikifika nusu kibadilishe, hakikisha kimegusana na chuma safi pale kinapofungwa na ule waya mwembamba unaounganisha breketi na mashine haujakatika. Mashine nyingi za zamani huo waya ulishakatika zamani na hakuna aliyeuona.